Nilivyomfukuza Bundi wa Sokoke

Mwaka 2008 ulipoanza nilikuwa dereva wa watalii Malindi. Mwezi wa pili ulipokwisha sikuwa dereva wa chochote. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimewaka bara, Nairobi na Rift Valley, lakini mahoteli yaliyobaki matupu yalikuwa ya kwetu pwani. Ndege za wageni zikakatika, tajiri akatuita watu kumi na mmoja barazani, akatupa kila mmoja soda na barua. Soda ilikuwa baridi, nakumbuka.

Miaka sita nilikuwa nimepeleka watu Tsavo Mashariki kwa gari la paa la kufunguka. Tunaondoka Malindi alfajiri, tunaingia kwa lango la Sala, tunaufuata mto Galana, na redio hainyamazi. Madereva tulikuwa na lugha yetu ili mgeni asielewe: simba ni masharubu, chui ni madoadoa. Mmoja akishatamka "masharubu wawili, kivulini", dakika ishirini baadaye magari kumi yamemzunguka mnyama, mengine yamepanda majani, vumbi limejaa mpaka simba mwenyewe anapiga chafya. Nami nilikuwa hodari kwa hayo. Nilijua kukata njia, nilijua kumchomekea mwenzangu ili jua limpige mgeni wake machoni na wangu apate picha. Bakshishi ya siku ya simba ilikuwa mara tatu ya siku nyingine, kwa hiyo sikuhitaji mwalimu wa kunieleza kazi ya mwongoza watalii ni nini: ni kumfikisha mtu kwa mnyama, basi.

(Kenya tumezoea kuita kazi hii "tua gaidi", kutoka Kiingereza "tour guide". Kamusi inasema gaidi ni jambazi. Marehemu baba alilijua hilo na hakuniacha: akiulizwa mwanawe anafanya nini, anajibu, "Kasomea ugaidi.")

Msitu wa Arabuko-Sokoke nilikuwa nimeupita mara elfu. Ukitoka Malindi kwenda Mombasa, ukishaivuka Gede, miti inakufuata mkono wa kulia kilomita baada ya kilomita, na abiria wa matatu husinzia hapo kwa sababu hawaoni cha kutazama. Kwetu sisi watoto wa Kigiriama msitu ule ulikuwa kuni, dawa, na hadithi za watu waliopotea. Miaka ya 1990 mwanzoni wakulima wengi wa vijiji vya kandokando walikuwa wakitaka serikali iukate igawe mashamba, na si kwa ubaya wa roho. Nyani na tembo walikuwa wakitoka mle kula mahindi yao, na msitu wenyewe hauwalipi hata senti. Sikujua kwamba kile ndicho kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki, karibu kilomita za mraba 420, wala kwamba watu walikuwa wakipanda ndege kutoka Uingereza na Marekani kuja kumtafuta humo bundi mmoja mdogo kabisa.

Nilikwenda pale kwa sababu shemeji yangu aliniambia kuna chama cha waelekezi wa msitu na kwamba wanachukua wanagenzi. Nilivaa shati la kazi lenye nembo na kofia yangu ya Tsavo. Kwenye benchi karibu na ofisi ya msitu alikuwa ameketi mzee mwembamba mwenye darubini iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Gede nzima ilimwita Mjomba, hata waliomzidi umri.

"Unajua nini, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamwambia nawajua wanyama wakubwa wote watano, tabia zao na majina yao kwa Kiitaliano.

"Vizuri," akasema. "Hapa tuna tembo. Nao hatuwatafuti, tunawakwepa. Kesho njoo saa kumi na moja na nusu, na hilo shati jeupe liache nyumbani."

Siku ya kwanza hatukutembea hata nusu kilomita. Tulikaa chini. Mjomba alichagua mahali penye majani makavu mengi chini ya mbambakofi, akaniambia niegemee mti na nisiseme neno mpaka yeye aseme. Mbu walinila. Mguu ulikufa ganzi. Nilikuwa na saa ya mkononi, nikawa naitazama kila dakika tano, mpaka akaifunika kwa kiganja chake bila kunitazama.

Saa moja na robo hivi nikasikia kitu kinakwaruza majani. Si kama kuku. Kuku huparua na kutulia. Huyu alikuwa akiparua, anasimama, anaparua. Kisha akatokea: mwili kama wa sungura mdogo aliyekonda, miguu myembamba kama ya mbuzi wa kuchezea, pua ndefu inayopinda kushoto na kulia kama kidole kinachopapasa gizani, na nyuma, juu ya matako, kiraka cha manjano kama mtu aliyekalia rangi. Sange. Wapo wanaomwita njule. Aina hii yenye matako ya dhahabu haipo duniani ila kwenye misitu michache ya pwani yetu, na wengi wao wako humu Arabuko-Sokoke. Nyuma yake, hatua mbili tatu, alikuwa akimfuata kurumbiza wa rangi ya chungwa, anaokota wadudu wanaofumuliwa na ile pua.

Sikujizuia. Nikainua mkono kumwonyesha Mjomba, kama kwamba Mjomba hakumwona. Sange akapiga mkia juu ya majani, pa! pa! pa!, kisha akaruka na kutoweka, ile dhahabu ikimeremeta mara moja kati ya miti.

"Umeiona rangi?" Mjomba akauliza. "Hiyo ndiyo salamu yake. Anamwambia adui: nimekuona, usijichoshe. Na akikamatwa, hukamatwa hapo penye dhahabu, ngozi yake pale ni nene." Halafu akaniambia kwamba miaka ya 1970 mwanzoni mtafiti Mmarekani, Galen Rathbun, alikaa pale magofu ya Gede miezi kwa miezi akiwatazama hawa, akagundua kwamba dume na jike hushika eneo moja pamoja, wawili tu, lakini ni nadra kuwaona ubavu kwa ubavu. "Kama mimi na mama watoto," akaongeza. Hicho ndicho kichekesho pekee nilichomsikia akikitoa mwaka ule.

Nikapiga hesabu njiani kurudi. Saa mbili, mnyama mmoja, nusu dakika. Kwa hesabu za Tsavo hiyo ilikuwa hasara tupu. Nilimwambia hivyo shemeji jioni, akacheka, akaniuliza kama nimewahi kumwona simba kabla simba hajaniona mimi. Nikafikiri sana. Jibu lilikuwa hapana. Kila simba niliyewahi kumwonyesha mgeni alikuwa anatutazama sisi.

Mwaka wa kwanza ulikwenda kwenye kujifunza ardhi. Msitu huu ni mitatu ndani ya mmoja, na Mjomba aliukariri kwa nyayo kabla ya macho. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu, mchanga ni wa kijivu na miti ni mchanganyiko, mbambakofi na wenziwe. Ukiingia ndani mchanga unageuka mweupe, na hapo ni miti ya mirihi, mirefu, imeachana, jua linapenya mpaka chini. Mahali pa kupumua. Kisha ghafla udongo ni mwekundu kama tofali, miti inakuwa mifupi na iliyosongamana, miba inakuvuta shati, joto linakubana: hapo ni kwa mfunda. Wageni hupenda mirihi. Bundi anapenda mfunda.

Nilijifunza kugusa kinyesi cha tembo kwa nyuma ya kiganja kujua kama bado kina joto. Nilijifunza kuokota mchanga mkavu na kuudondosha ili upepo uniambie harufu yetu inaelekea wapi. Asubuhi moja tulikuwa na mume na mke kutoka Uholanzi, wamelipia matembezi ya nusu siku mpaka kwenye mabwawa. Kilomita moja ndani Mjomba akasimama mbele ya mrihi uliovunjwa tawi. Utomvu ulikuwa bado unatiririka. Akadondosha mchanga. Akageuka. "Tunarudi," akasema. Mume hakuamini. Akasema amelipa, akasema hajaona tembo wowote, akasema nyumbani kwao jambo kama hili lingepelekwa mbali. Mimi nilikuwa tayari kupendekeza tuzunguke kidogo, maana mkate wangu ulikuwa ndani ya ile bahasha. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akaanza kutembea kurudi. Huwezi kubishana na mgongo. Kwa kiasi cha nusu saa tulitembea kimya, kisha nyuma yetu, kule tulikokuwa tukielekea, mti ukaanguka kwa kishindo. Yule bwana hakuomba radhi, lakini akaanza kutembea karibu zaidi na Mjomba.

Kwenye gari hujifunzi kitu kama hicho. Gari ni bati, na bati linakudanganya kwamba wewe ndiye mwenyeji.

Sasa nifike kwenye bundi, maana ndiyo aibu niliyokusudia kuisimulia.

Bundi wa Sokoke alitambuliwa na wanasayansi miaka ya 1960 tu, wakampa jina la Otus ireneae. Mbali na hapa anajulikana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Ana urefu wa sentimita 16 au 17, uzito kama wa yai la kuku, na rangi tofauti tofauti: kuna wa kijivu, wa kahawia, na wa rangi ya kutu. Mchana hulala kwenye kichaka cha mfunda, mara nyingi wawili wameshikana bega, na ukipita hatua tatu kutoka kwao utaapa umeona majani makavu. Kwetu bundi hana sifa nzuri. Akilia juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa. Kwa hiyo unaweza kuelewa mama yangu alivyosema alipoambiwa wazungu wananilipa nimtafute.

Mjomba alikuwa anajua sehemu nne wanakolala. Alinionyesha moja tu, baada ya mwaka mmoja na nusu. Kanuni zake zilikuwa fupi: watu wanne kwa wakati mmoja, dakika tano, hakuna mwale wa kamera, hakuna kushika tawi "ili picha itoke vizuri", na kichaka kilekile hakirudiwi siku mbili mfululizo. Na jambo la sita alilirudia mara mbili: usimwite kwa simu.

Maana teknolojia ilikuwa imefika. Kila mwenye simu alikuwa na sauti za ndege ndani yake. Unabonyeza, bundi anasikia mwenzake, anajibu, anasogea. Kwa mtu aliyelelewa na redio ya Tsavo, lile lilikuwa jambo tamu mno.

Ilikuwa mwaka 2011, mwezi wa nane. Mjomba alikuwa ameshikwa na malaria. Akaja mgeni mmoja, mtu mzima, mpole kabisa, ana daftari lenye orodha ya ndege aliokwisha kuwaona duniani, maelfu, na huyu hakuwamo. Alikuwa na usiku mmoja tu. Kesho yake ndege yake inaondoka Mombasa. Tulikwenda jioni kwenye ile sehemu niliyoonyeshwa. Bundi hawakuwapo mahali pao. Giza likaingia. Nikamwona yule bwana anaitazama saa kama nilivyoitazama mimi siku ile chini ya mbambakofi.

Nikatoa simu.

Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili akajibu kwa mbali, ule mlio wake, huu, huu, huu, kama mtu anayepuliza juu ya mdomo wa chupa. Mara ya tano alikuwa amekaribia. Nadhani niliipiga ile sauti kwa dakika arobaini. Mwisho akatua kwenye tawi mbele yetu kabisa, wazi, manyoya yamesimama, kichwa kinageuka huku na huku, anatafuta adui aliyeingia kwake. Nikamwekea tochi. Yule bwana alitokwa na machozi, na sisemi kwa mzaha. Akanipa shilingi elfu tano. Nilipita Gede usiku ule nikiwa mrefu kuliko minazi.

Nikarudi na wageni wengine kesho yake. Na keshokutwa. Habari zilikuwa zimeenea hotelini Watamu kwamba kuna kijana anayeleta bundi kwa uhakika. Siku ya nne bundi alijibu mara moja tu, kwa mbali. Siku ya sita hakujibu.

Mjomba alipopona alikwenda mwenyewe. Alirudi mchana, akaketi kwenye benchi lile lile, akaanza kuifungua na kuifunga upya ile mipira ya baiskeli kwenye darubini. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga.

"Umemwita mara ngapi?"

Nikamwambia.

"Sasa fikiri. Mtu anakuja kila usiku mlangoni kwako anasema, nyumba hii ni yangu, mke huyu ni wangu. Unatoka na rungu, hakuna mtu. Unarudi ndani, anapiga hodi tena. Utalala saa ngapi? Utakula saa ngapi?" Akanyamaza kidogo. "Ndege mwenye uzito wa yai hana akiba ya usiku mmoja. Nawe umemlia usiku sita."

Kichaka kile kilikaa kitupu miezi minane. Sitaki kudai kwamba najua kilichowapata. Pengine walihama tu. Pengine yule aliyesimama wazi kwa ajili ya tochi yangu alionekana pia na babewatoto, maana bundi wakubwa hula wadogo. Najua tu kwamba kila wiki nilikwenda kuangalia, peke yangu, na kila wiki niliona tawi.

Ninalolijutia zaidi si kanuni niliyoivunja. Yule bwana mpole angekubali. Kama ningemwambia, bwana, leo hawapo na sitawaita, angehuzunika, angenishika mkono, angekwenda zake. Wengi wa wageni wa msituni ni watu wa namna hiyo. Haraka ilikuwa yangu. Yeye hakuniomba simu hata mara moja.

Baada ya hapo nikaanza kumsikiliza Mjomba kwa sikio jingine, hasa alipokuwa akisema "sijui". Madereva wa Tsavo hatukuwa na neno hilo. Mgeni akiuliza tembo huyu ana miaka mingapi, unasema arobaini na mbili bila kupepesa. Mjomba aliulizwa miaka mingi kuhusu mnana wa Clarke, ambaye siku hizi huitwa pia mnana wa Kilifi: ndege wa manjano na mweusi, anayepita juu ya mirihi kwa makundi na asiyepatikana nje ya kaunti yetu. Wageni humwuliza, anajenga wapi? Naye anajibu, sijui, na sijapata kumwona mtu anayejua. Wengine walidhani anaficha. Kisha mwaka 2013 viota vyake vikapatikana kwa mara ya kwanza, si kwenye miti yetu bali kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini, nje kabisa ya msitu uliohifadhiwa, mahali ambapo watu wanakata mkaa na kulima mananasi. Mjomba alipoambiwa alifurahi kama mtoto. "Basi tulikuwa tunalinda sebule," akasema, "na chumba cha kulala kiko wazi."

Kuna jambo moja alikuwa hawaambii wageni, nami nililijua siku tuliyokwenda kutegua mitego. Tulikuwa watu watano pamoja na askari wa msitu. Mitego ya sange huwekwa kwa werevu: anajengewa kiugo cha vijiti, cha urefu wa goti, chenye mianya, na kila mwanya una kitanzi. Mnyama haruki ugo, anatafuta mlango. Mjomba alikuwa akiiona mitego hatua kumi kabla yetu. Vijana wakamsifu macho yake. Akasema, "Si macho. Hapa ndipo mimi mwenyewe ningetega." Alikuwa ametega sange tangu akiwa na miaka saba, yeye na kaka zake, na nyama yenyewe, alisema, haina ladha hata kidogo, inaliwa kwa sababu siku hiyo hakuna nyingine. Hakusema zaidi. Akamalizia kuzikunja zile nyaya, nyaya za breki za baiskeli, akatia mfukoni.

Tangu hapo sijaweza kusimama mbele ya wageni nikasema "majangili" kwa sauti ile wanayoitumia kwenye runinga. Wengine wa majangili wale nimesoma nao. Msitu ulipoanza kulipa, baadhi yao waliacha. Dada wa mke wangu ni mmoja wa wafugaji wa vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993. Ana vizimba vya neti nyuma ya jiko, analisha viwavi majani, na wakishajifungia gandani anawapeleka kwenye mradi, wanasafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Majani ya kulisha, na vipepeo wa mbegu, asili yake ni humu msituni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia msitu ukatwe atakuuliza kama una akili. Lakini kijiji hakijajaa watu wenye vizimba. Wengi bado wanapata tembo tu.

Bei ya mwelekezi, kwa hiyo, ina maana. Wakala mmoja wa safari aliwahi kunitaka niwe ninapeleka vikundi vya watu ishirini, kwa saa moja, bei nusu, "waone msitu kidogo kabla ya chakula cha mchana". Nilikataa, na nakiri nilikataa kwa sauti kubwa kwa sababu Mjomba alikuwa anasikia. Watu ishirini hawaoni msitu. Wanaonana wenyewe kwa wenyewe. Wakala alipata kijana mwingine, na wala simlaumu kijana: mwaka 2014, nchi za Ulaya zilipowaonya raia wao wasije pwani, nilikaa wiki saba bila mgeni, nikauza pikipiki. Mwaka 2020 sikuwa na pikipiki ya kuuza. Nilikwenda msituni hivyo hivyo, mimi na daftari, kwa kuwa nyumbani nilikuwa nagombana na kila mtu. Miezi ile sange walikuwa wakiparua kando ya njia kuu saa nne ya asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Sijui nifurahi au nihuzunike juu yake.

Nilifanya mtihani wa daraja la shaba wa chama cha waongoza safari wa Kenya, nikafaulu. Walichoniuliza kuhusu mamalia wakubwa nilikijibu kwa Tsavo, na kuhusu ndege nilikijibu kwa Mjomba. Yeye hajawahi kufanya. Macho yake siku hizi yana mtoto wa jicho. Anaitambua minana kwa sauti na kwa namna kundi linavyopiga mbawa.

Mwaka juzi, baada ya mvua ndefu, alinipeleka akiwa ameshika bega langu mpaka mahali kwenye udongo mwekundu, akasimama, akasema, "Tazama juu kidogo ya kichwa chako, kushoto." Nikatazama nikaona majani. Nikatazama tena. Majani yalikuwa na macho, yamefumbwa nusu, na karibu nayo majani mengine yenye macho. Wa kutu na wa kijivu, bega kwa bega. Sijui aliwapataje kwa macho yale. Anasema ni mavi kwenye jani, yana harufu. Hatukumwambia mtu.

Mwezi wa kumi akaja mgeni aliyekuwa na picha yao. Sijui nani aliipiga. Akanionyesha kwenye simu, akataka kichaka hichohicho, akataja kiasi cha pesa ambacho sikitaji hapa kwa sababu mke wangu atasoma. Nikamwambia nitampeleka sehemu nyingine, na sitapiga sauti yoyote. Tulikwenda. Mvua ikatukuta kwenye mfunda, mvua ya kweli, ya pwani. Tulikaa chini ya turubai saa moja na nusu, maji yanaingia mgongoni. Alimwona siafu, alimwona konokono mkubwa, akasikia huu, huu mara tatu kutoka upande ambao hatukuweza kuufikia.

Getini akanilipa ada, akanipa na shilingi mia mbili juu yake. Nikanunua mahamri na mbaazi pale stendi ya Gede, nikampelekea Mjomba, tukala.